Usimlaumu Avunjaye Kasha Kabla ya Kumwuliza Sababu



Juma lililopita nilipokea barua pepe yenye ukali kutoka kwa rafiki yangu wa siku nyingi aishiye Marekani. Sisi wawili tuna udhaifu mmoja: tunakusanya sarafu za kale. Miaka michache iliyopita alinizawadia sarafu 14 za senti 10 za Marekani, za madini ya fedha, zile ambazo wakusanyaji huziita Mercury, zilizotengenezwa tangu 1916 hadi 1945. Kila moja ilikuwa imefungwa ndani ya kasha la plastiki ngumu, pamoja na lebo yenye namba ya daraja lake. Nikamwandikia kwa furaha kwamba nimeyavunja makasha yote 14, na kwamba sarafu zake sasa zimekaa, kila moja mahali pake, katika albamu. Jibu lake lilikuwa fupi. Ati nimetupa pesa jalalani, nimeharibu zawadi, na mtu aliyesoma falsafa alipaswa kuwa na akili zaidi.

Ningeweza kumjibu faraghani na kuyamaliza. Lakini maneno yake si yake peke yake. Ni maneno ya wengi wanaoamini kwamba sarafu iliyokwisha kufungwa haipaswi kufunguliwa kamwe, na kwamba avunjaye kasha ni mjinga au mharibifu. Mimi nasema hapana. Tena nasema kwamba lawama hiyo imeelekezwa kwa mtu asiyestahili, huku anayestahili akipita katikati yetu akipigiwa makofi.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu, nieleze kwanza jinsi mambo yalivyo. Zamani muuzaji na mnunuzi wa sarafu walibishana juu ya hali yake kwa macho yao tu. Mfanyabiashara alipouza alisema sarafu haijatumika. Aliponunua sarafu ileile aliiona imechakaa. Mnyonge katika biashara hiyo alikuwa daima yule asiye na uzoefu. Ndipo mwaka 1986 ilipoanza nchini Marekani kampuni ya PCGS, na mwaka uliofuata, 1987, ikafuata NGC. Kampuni hizi hazinunui sarafu iliyopelekwa kwao. Kwa malipo maalumu wataalamu wao huichunguza kama ni halali au bandia, huipa daraja katika kipimo cha 1 hadi 70, kisha huifunga katika kasha ambalo haliwezi kufunguliwa bila kuvunjwa. Sarafu ikiwa ndani ya kasha, kampuni huidhamini. Ikitoka, dhamana imekwisha.

Sisemi kwamba kazi hiyo ni mbaya. Iliwaokoa wengi na ulaghai, na mnunuzi wa mbali, asiyeweza kuishika sarafu mkononi, huihitaji hata leo. Ninachokipinga ni imani iliyoota juu ya kazi hiyo, kwamba namba ya kwenye lebo ndiyo sarafu yenyewe.

Hebu tujiulize namba hiyo ilitoka wapi. Kipimo cha 1 hadi 70 kilibuniwa na Dk. William Sheldon katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya senti kubwa za shaba za Marekani za miaka ya mwanzo. Hesabu yake ilikuwa ya soko. Alitaka sarafu ya daraja la 70 iwe na bei mara sabini ya bei ya sarafu kama hiyo iliyo katika daraja la 1. Maana yake ni kwamba namba hiyo ilizaliwa ikiwa kikokotoo cha bei ya senti za shaba. Bei zilibadilika, uwiano ule ukavunjika, lakini namba zikabaki, zikahamishiwa kwenye sarafu za fedha na za dhahabu, hatimaye zikavikwa heshima ya kipimo cha kisayansi. Tena historia ina kejeli zake. Baada ya Sheldon kufariki mwaka 1977, ilithibitika kwamba mtu huyohuyo aliyetufundisha kuzipima senti alikuwa amezichukua senti bora za shirika la American Numismatic Society, New York, na kuweka badala yake zilizo duni. Simtaji ili kumsimanga marehemu. Namtaja ili tukumbuke kwamba tangu mwanzo daraja lilitolewa na mwanadamu, mwenye jicho la mwanadamu na tamaa ya mwanadamu.

Sasa nifike kwenye kiini. Walimu wetu wa falsafa walitufundisha kwamba kabla ya kukubali au kukataa, mtu atofautishe. Basi natofautisha. Wako watu wa aina mbili wanaovunja makasha, na kwa mbali wanaonekana wanafanya tendo moja.

Wa kwanza huvunja kasha ili sarafu ikae katika albamu pamoja na ndugu zake. Hataki kuiuza. Anataka kuiona, kuilinganisha, kuifahamu.

Wa pili huvunja kasha lenye namba 64 ili airudishe sarafu ileile kwenye kampuni ileile, akitumaini kwamba safari hii wataisoma 65. Akikosa, hujaribu tena. Katika baadhi ya sarafu tofauti ya namba moja ni tofauti ya bei kubwa sana, kwa hiyo ada ya upimaji kwake ni kama tiketi ya bahati nasibu. Kampuni huwaomba watu wa namna hii warudishe lebo za zamani ili hesabu zirekebishwe, lakini wengi hawazirudishi. Matokeo yake, orodha zinazoonyesha ni sarafu ngapi zimepata daraja fulani huihesabu sarafu moja mara mbili au zaidi. Na namba za juu zinazidi kuongezeka, si kwa sababu sarafu zimekuwa nzuri zaidi, maana sarafu ya 1921 haiwezi kuwa changa kuliko ilivyokuwa jana, bali kwa sababu hakuna anayerudisha sarafu ili ishushwe daraja.

Yupi kati ya hawa wawili anaiharibu kazi ya kukusanya sarafu? Wa kwanza ameondoa kasha moja sokoni, na hakumdanganya mtu. Wa pili ameitia doa ile imani ambayo makasha yote yamejengwa juu yake. Hata hivyo huyu wa pili huitwa mjanja mwenye jicho kali, na yule wa kwanza huitwa mjinga. Huo ndio upotofu ninaoulalamikia leo.

Tena mchezo huo unafichua jambo ambalo watetezi wa kasha hawapendi kulisikia. Kama sarafu ileile, bila kubadilika hata kidogo, yaweza kuwa 64 mwezi Machi na 65 mwezi Juni, basi daraja ni maoni. Ni maoni ya mtaalamu, naam, yenye thamani kuliko yangu, lakini ni maoni. Soko lenyewe limekiri hivyo. Mwaka 2007 John Albanese, yeye aliyeianzisha NGC, alianzisha kampuni nyingine iitwayo CAC, ambayo kazi yake ilikuwa kuangalia sarafu zilizokwisha kupimwa na kubandika alama ya kijani juu ya makasha ambayo daraja lake ni imara. Yaani tumefika mahali pa kumlipa mpimaji, kisha kumlipa mpimaji wa mpimaji. Katika mlolongo huo, ni nani bado anaiangalia sarafu?

Nisikilize basi hoja za wapinzani wangu, kwa haki yote, maana hawakukosa hoja.

Hoja ya kwanza ni ya pesa: sarafu nje ya kasha huuzwa kwa bei ya chini. Nakubali. Lakini nauliza, kwa kiasi gani, na kwa sarafu ipi? Senti 10 ya Mercury ya miaka ya 1940 ina uzito wa gramu 2.5, na asilimia 90 yake ni fedha. Mwaka 1944 peke yake kiwanda cha Philadelphia kilitengeneza zaidi ya milioni 200 za namna hiyo. Sarafu ya kawaida ya miaka hiyo yaweza kuwa na bei ndogo kuliko ada iliyolipwa kuifunga. Hapo kilichopotea nilipovunja kasha ni ada, na ada hiyo ilikuwa imekwisha kutumika siku ilipolipwa. Mtu asiyekusudia kuuza hapotezi bei ya kuuzia. Mbona hatumwiti mjinga mwenye kuvaa saa yake mkononi badala ya kuiacha katika boksi la dukani?

Hoja ya pili ni ya sarafu bandia, na hii ni nzito. Katika mfululizo wa Mercury, sarafu ngumu kupatikana kuliko zote ni ya mwaka 1916 yenye herufi D, alama ya kiwanda cha Denver. Zilitengenezwa 264,000 tu. Kwa hiyo walaghai huchukua sarafu ya 1916 ya Philadelphia, isiyo na herufi, na kuipachika D. Sarafu kama hiyo isitolewe katika kasha. Nasema hivyo bila kigugumizi, na katika albamu yangu tundu la 1916 D liko tupu, nami sioni aibu. Lakini angalieni jinsi hoja hii inavyojifunga yenyewe: inalinda sarafu chache zenye kughushiwa kwa faida, hailindi kila sarafu iliyowahi kufungwa. Zaidi ya hayo, walaghai wamejifunza kughushi hata makasha na lebo zake. Anayejua kuisoma lebo tu atadanganywa na lebo. Na sarafu iliyofungwa huwezi kuipima uzito peke yake kwenye mizani, wala kuishika ukingo na kuugeuza mwangani. Nusu dola za Marekani za kabla ya 1836, kwa mfano, zina maneno yaliyoandikwa ukingoni, na makasha mengi, hasa ya zamani, yanayafunika. Mtu atajifunzaje sarafu halali ilivyo ikiwa hajawahi kuigusa hata moja?

Hoja ya tatu ni kwamba albamu nayo huharibu. Hapa mpinzani wangu ana haki kuliko anavyojua mwenyewe. Kadibodi za albamu za zamani zilikuwa na salfa iliyozibadilisha rangi sarafu za fedha. Plastiki laini ya aina ya PVC hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani na kula uso wa sarafu. Vile vipande vya plastiki vinavyosukumwa pembeni ili kufunika matundu huweza kuacha michirizi midogo shavuni mwa sura iliyoinuka. Na nikiri kosa langu mwenyewe: kasha la tatu nililivunja kwa pupa, koleo likateleza, na sarafu ya 1943 sasa ina kidonda ukingoni ambacho haikuwa nacho kwa muda wote wa uhai wake. Kosa hilo ni langu, wala siwezi kulirudisha nyuma. Lakini haya yote yanatufundisha uangalifu, hayatufundishi kuacha. Kisu hukata vidole, nasi hatujaacha kukata mboga.

Hoja ya nne ndiyo iliyonikosesha usingizi, nayo ni ya warithi. Rafiki yangu aliuliza: utakapokufa, nani atajua ulichokuwa nacho? Swali hili sikulijibu kwa wepesi, maana nimewahi kuliona jibu lake kwa macho. Nilimfahamu mjane mmoja ambaye marehemu mumewe alikusanya sarafu za Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka thelathini: shilingi zenye simba, za tangu 1921, na zile senti kumi zenye tundu katikati ambazo wazee wetu walizitunga katika uzi. Zilikuwa katika albamu mbili na kopo la biskuti. Hakuandika neno lolote. Alikuja mnunuzi, akazipima kwa kilo kama vyuma chakavu, akamwachia mama yule kiasi ambacho hakikutosha hata karo ya muhula mmoja. Kazi ya miaka thelathini iliondoka katika mfuko wa plastiki.

Je, kasha lingemwokoa? Labda kwa sarafu mbili tatu. Lakini sarafu nyingi za marehemu zilikuwa za kawaida, na kuzifunga zote kungegharimu kuliko thamani yake. Kilichomwangusha mama yule ni ukimya wa mumewe. Daftari moja la shule, lenye mistari ya kalamu ya wino, lingemlinda vizuri kuliko makasha mia. Kwa hiyo nami natoa hukumu juu ya watu wa upande wangu: mwenye kuvunja kasha na kuitupa lebo, bila kuandika popote, ametenda kosa dhidi ya walio nyumbani mwake. Uhuru wa kufungua una deni, na deni hilo ni kumbukumbu.

Sasa niseme kile ambacho albamu hunipa na kasha haliwezi kunipa. Nilipoziweka sarafu zile katika matundu yake, kwanza niliona mapengo. Katika mfululizo wa Mercury hakuna sarafu ya 1922, wala ya 1932, wala ya 1933. Albamu huruka kutoka 1931 hadi 1934. Kwa nini? Kwa sababu ile ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Biashara ilikuwa imezorota, nchi haikuhitaji sarafu mpya, na viwanda havikuzitengeneza. Kisha geuza ukurasa uone miaka ya vita, 1942 hadi 1945, ambapo sarafu ni nyingi kupita kiasi, kwa sababu watu walirudi kazini na pesa ndogondogo zikahitajika kila mahali. Huo ni ukurasa wa historia, nao unasomeka kwa kuziona sarafu zote kwa pamoja. Sarafu zilezile nilipokuwa nazo katika makasha, zimepangwa wima ndani ya boksi kama mafaili ya ofisi, nilichokiona kilikuwa namba 14 za madaraja. Sikuliona pengo hata moja, maana boksi halina tundu la kitu kisichokuwapo.

Ndiyo maana albamu zilipendwa kabla ya makasha kuwapo. Katika miaka ya 1930, katikati ya dhiki ileile, Wamarekani wa kawaida walinunua mbao za kadibodi zenye matundu ya senti, wakazijaza kwa sarafu walizozipata katika chenji za dukani. Mtoto wa fundi na mtoto wa hakimu walikuwa sawa mbele ya tundu tupu. Hakuna aliyehitaji cheti ili afurahi.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila kasha livunjwe. Tuchukue mfano wa nyumbani. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walitengeneza pale Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya Sekenke, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Jumla yake ilikuwa takriban 16,000. Leo sarafu hizo huonekana mara nyingi katika minada ya Ulaya na Marekani, zikiwa katika makasha. Bandia zake zipo, na bei yake ni kubwa. Kama Mtanzania mmoja angeipata moja iliyofungwa, ningemsihi aiache ilivyo, ajivunie, na awaonyeshe watoto wake. Lakini kama angekuwa na shilingi ya simba ya 1952 iliyofungwa, ningempa koleo langu mwenyewe, na onyo la kwenda polepole.

Kwa kumalizia, nawaachia mambo matano, kama mtu aliyekwisha kuumia.

Kwanza, jiulize unavunja kwa ajili ya nini. Kama ni ili kuirudisha ipate namba ya juu, usitumie jina la albamu kujifichia.

Pili, usifungue sarafu adimu, ya gharama, au yenye kughushiwa mara kwa mara. Tundu tupu lina heshima kuliko majuto.

Tatu, funga kasha katika taulo, bana pembe zake mbali na sarafu hadi muungano uachie, na usipige nyundo juu ya sarafu. Ishike sarafu kwa ukingo tu, juu ya kitambaa laini. Wala usiisafishe kamwe.

Nne, nunua albamu isiyo na PVC wala salfa, uiweke mahali pakavu. Wakazi wa pwani wanajua unyevu unavyofanya kazi usiku na mchana.

Tano, tunza kila lebo katika bahasha, andika daftarini namba yake, mwaka na bei uliyonunulia, na mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani daftari lilipo. Na siku ukiuza, mwambie mnunuzi kwamba sarafu ilitolewa katika kasha na wewe, na kwamba lebo haimpi dhamana tena.

Rafiki yangu wa Marekani atayasoma haya. Nakuomba radhi, ndugu yangu, kwa ajili ya ile sarafu ya 1943, maana hapo ulisema kweli. Kwa zile 13 zilizobaki siombi radhi. Lebo zako zote 14 zipo katika bahasha nyuma ya albamu, na zawadi yako naitazama kila Jumapili jioni. Ilipokuwa katika makasha ilikaa ndani ya boksi miaka minne, nami sikuifungua hata mara tatu.

Tukutane tena juma lijalo.